Mshumaa wa Koleta, Mbuba

Dada Neema mpenzi,

Shikamoo kutoka Mbuba, kwao Deo wangu, ambako mvua haikatiki na mimi najiona nimeolewa upya kila asubuhi! Ila leo nimekasirika kweli kweli.

Ni Siku ya Marehemu Wote. Baada ya misa, padri alipita makaburini pamoja na katekista, akinyunyizia maji ya baraka. Walipofika kwenye kona alipolala mtoto wa kwanza wa mama mkwe, katekista akamgeuza padri warudi. Nikauliza kulikoni, katekista akanijibu:

"Huyo alikufa hajabatizwa. Wewe bibi harusi umekuja juzi tu, usitufundishe."

Hebu fikiria! Na mama amepalilia kaburi hilo alfajiri kwa mikono yake!

"Waache, mwanangu," akaninong'oneza. "Nimeshazoea."

"Mimi sijazoea, mama!" Makaburi mazima yakanisikia.

Basi Deo wangu, asiyebishana hata na kuku, akamfuata padri. "Baba, umemruka dada yangu."

Padri akarudi, akauliza jina la mtoto. Katekista akasema hana. Mama akasema, "Anaitwa Koleta." Hata Deo hakuwahi kulisikia! Padri akalinyunyizia kaburi maji ya baraka, akimtaja kwa jina hilo.

Mishumaa ya kuwashia makaburini ilikuwa imeisha, nikakimbia nyumbani kuleta ule wetu wa harusi, ule niliokukataza hata kuushika. Tukauwasha kaburini, Deo akaukinga na mvua kwa koti lake. Katekista amenuna mpaka sasa, na anune!

Nibusie watoto. Na jioni mkisali, mtajeni Koleta, kwa jina lake.

Mdogo wako akupendaye,
Mke wa Deo