Soksi ya Mkono wa Kulia

Ruiru,
Novemba 1957

Kwa dada yangu mpendwa Kalondu,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Thika, na kwamba ule mgongo umepunguza kelele. Watoto wa memsahibu unaowalea hawajambo? Sisi huku hatujambo, mimi na mwanao Ngina. Mimi nimechoka tu, na kuchoka si ugonjwa wa kumwandikia mtu. Uniwie radhi kwa karatasi hii kuchafuka. Usiseme Syombua amekuwa mzembe. Sababu utaiona ukifika mwisho.

Zile soksi nyeupe ulizompa Munyao aniletee zimefika salama, pamoja na sukari. Akanipa na maneno yako pia, kwamba Jumapili utakuja kumchukua Ngina umpeleke Ngoliba kwa mama yetu, mwaitu, akae huko moja kwa moja, asiende shule wala kuonwa na watu, maana mtoto aliyeungua mkono namna hiyo atachekwa maisha yake yote. Dada, maneno hayo sikuyakubali. Ndiyo maana nakuandikia kabla hujapanda gari.

Kazi yangu hapa shambani unaijua. Mama zao wakienda kuchuma kahawa, watoto wote wanabaki kwangu, na tangu waume zao wachukuliwe na serikali hawana mwingine wa kumwachia. Nyapara Bedan aliagiza watoto wakae kwenye benchi, safi na kimya, nami nikatii. Wakawa wanakaa kama magunia. Kagwe, miaka minne, hakuwa anasema neno. Wengine kazi yao ilikuwa kuumana. Ngina alikaa mwisho wa benchi, ngumi yake ya kulia imefumbwa ndani ya soksi, kama ulivyoagiza tangu alipoungua: asiguse vumbi, asiguse maji.

Mvua za mwezi uliopita zikabomoa ukuta wa nyumba yetu ya watoto. Mama zao wakachimba udongo wa kukandika, wakaukanyaga na maji mpaka ukalainika, na uliosalia wakauacha rundo pale mlangoni. Asubuhi yake nilikuwa nimekaa tu, magoti yananiuma, sina hata nguvu ya kumkemea kuku. Wamboi, binti wa Njambi, akateremka kwenye benchi akaingia kwenye tope. Wakamfuata wote. Ningeweza kuwazuia, lakini nikaona wacha, nitawaosha jioni. Nakuambia kweli, uchovu ndio ulioanza jambo hili, si akili yangu.

Basi Kagwe akapika uji wa tope kwenye mkebe, akaanza kuwagawia wenzake, akimwita kila mmoja kwa jina lake. Kumbe majina yote alikuwa nayo! Tangu siku hiyo hanyamazi, hata mimi sasa namwomba apumzike kidogo. Wale wa kuumana wakachimba mfereji pamoja, wakabishana maji yapite wapi, wakajaribu huku, wakajaribu kule, mpaka yakapita. Mimi nilikuwa nikidhani mtoto aliyetulia ndiye mtoto anayeendelea vizuri.

Mama zao walinijia juu. Njambi alisema sabuni haioti kwenye mti wa kahawa, nikamjibu nitafua mwenyewe, na nafua mpaka leo, na mto unajua ulivyo mbali. Nyapara akatishia kumtafuta mlezi mwingine. Nikamwambia amlete hata leo, nitamkabidhi watoto na tope lao nikalale. Hajarudi.

Sasa nikuambie nililokuficha. Katika barua zangu zilizopita nilikuandikia kwamba soksi iko mkononi kama ulivyotaka. Haiko. Nilimwona Ngina amesimama kando, anafinya donge kwa mkono wa kushoto, linaanguka, analiokota, linaanguka tena. Akaniangalia. Nikamwendea nikaivua mimi mwenyewe, na sasa Kagwe anachujia uji wake humo.

Usidhani sikuogopa. Nilimpeleka kwa dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, naye akasema kidonda kilishapona zamani, vidole vinakunjamana kwa kukosa kazi. Siku za kwanza ngozi ilimvuta akalia, nikampaka mafuta ya mbarika huku nalia naye. Lakini kukipambazuka ndiye wa kwanza kwenye tope. Alitaka kufinyanga vyungu kama vya mwaitu, na chungu hakikubali mkono mmoja. Mimi sikumlazimisha hata mara moja. Vidole vikafunguka kidogo kidogo, kile cha mwisho juzi.

Dada, nitalisema hata ukinikasirikia. Kidonda cha Ngina kimepona, na soksi hii tunaivalisha kidonda chako. Uliinuka kuteka maji kama mama yeyote anavyoinuka, mtoto akaanguka motoni. Hakuna anayekulaumu, si mwaitu, si mimi, na mtoto mwenyewe hata hakumbuki. Makovu yapo na yatabaki. Watakaocheka watacheka, kisha watachoka, maana hata kucheka kunachosha. Usiende kumficha. Mpeleke Ngoliba wakati wa likizo, mwaitu amfundishe ufinyanzi, na mwakani aanze shule na wenzake.

Nisalimie Munyao, na umwambie safari nyingine alete sabuni, soksi tunazo za kutosha. Mungu akulinde njiani Jumapili. Ukija, usivae nguo nzuri.

Unakumbuka mwaitu alivyokuwa akitia alama yake shingoni mwa chungu kabla hakijakauka, ili sokoni watu wajue ni kazi ya mikono ya nani? Nimemwambia Ngina naye atie yake, akauchovya mkono kwenye tope mwenyewe. Geuza karatasi. Ni ule wa kulia, dada. Hesabu vidole.

Ni mimi mdogo wako,
Syombua