Umeniuliza Nitakula Wapi

Kihesa, Iringa

Kwa kaka yangu Mbaraka,

Assalaam alaykum. Naomba waraka huu ukukute mzima, umetoka kazini, umeshakoga, na mama yuko karibu nawe ili umsomee. Nataka kujua goti lake linaendeleaje, na kama mtoto wako yule wa mwisho ameacha kukohoa. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nadanganya.

Barua yako nimeipata. Nimefahamu kwamba mmekata shauri uje kunichukua eda itakapokwisha, na kwamba siku nitakayofika Pangani unataka kunipeleka kula hata kabla sijaingia nyumbani. Umeniambia nichague: kwa Bi Mize pale kivukoni, au kwa Mshihiri kule sokoni. Najua uliandika hivyo ili nicheke. Kaka, nilipofika kwenye mstari huo niliikunja barua nikaiweka chini ya mkeka, na sikuigusa tena mpaka leo.

Hukuwa na njia ya kujua, kwa hiyo sikulaumu. Swali hilo lilikuwa letu, mimi na marehemu Shabani.

Baridi ya huku si ya kusimuliwa. Mtu akipumua ndani ya nyumba unauona mvuke. Shabani alipokuwa akirudi kutoka Mafinga kufuata mbao, tulikula ugali wetu na maharage, kisha tukalisogelea jiko tumejifunika blanketi moja mabegani, naye anaanza: "Haya, binti Pangani, tukishuka tunakula wapi?" Yeye alikuwa mtu wa Bi Mize. Alitaka pweza wa nazi na mkate wa kumimina, akae juu ya gogo, kanzu ameikunja magotini. Mimi nilitaka kwa Mshihiri, kwa sababu kule nyuma ya pazia kuna meza ya wanawake, na mtu analetewa samaki wake, changu wa kukaanga, kwenye sahani yenye maua bila ya yeye kushika mwiko. Alinicheka sana. Alisema mkewe amekaa milimani miaka michache tu na tayari anataka kula kama mke wa liwali. Nami nikamjibu kwamba Bi Mize hupunja nazi, na pweza wake ukianza kumtafuna Ijumaa hii utammeza Ijumaa ijayo.

Jioni moja ubishi ulipozidi alisema atatuacha sote, atakula samaki mbichi kwa wali wa baridi kama mabaharia wa Kijapani aliowaona bandarini Tanga. Wale, alisema, hawana haja ya Bi Mize wala Mshihiri, wana kisu tu. Nikamuuliza kama alionja. Akasema walimpa kipande, akakishika mkononi mpaka walipogeuka, akampa paka.

Hatukupata kukubaliana hata mara moja. Sasa naona kwamba hatukutaka kukubaliana, maana tungekwisha amua, jioni zile zote tungezungumza nini? Tulikuwa tushuke mwaka huu.

Simu ya maandishi mliyoletewa haikuwa na nafasi ya maneno, basi nikueleze. Alikwenda Nyololo kuezeka duka la mtu. Wakati wa kurudi alipanda juu ya lori la mbao, na mvua ikawanyeshea njia nzima. Alifika anatetemeka, akaniambia ni baridi tu, nimpe chai. Asubuhi akawa hawezi kuvuta pumzi bila kujishika ubavu. Hospitali walimpokea vizuri, sina neno juu yao. Yalikuwa mapafu. Alikataa uji, akakataa mchuzi wa kuku, akaniomba samaki. Hakumtaja Bi Mize, wala hakuniuliza habari za Mshihiri. Alisema tu samaki wa kwetu, na kwa kuwa hakutia mzaha, ndipo nilipoogopa.

Sokoni hapa wapo samaki wa mtoni waliokaushwa kwa moshi. Nilimpikia, akaweka kinywani, akatoa. Nikamwendea Athumani, dereva wa lori anayeshuka Dar es Salaam, mtu wa pwani kama sisi, nikamwomba aniletee papa mkavu. Aliapa kwamba ataleta. Na alileta, kaka. Alifika siku ya tatu ya matanga, wanaume wako uani wanasoma hitima, naye njiani hakupata habari yoyote. Alipowaona watu aliliweka gunia lake mlangoni pa jiko, akavua viatu, akaketi mwisho wa jamvi akasoma pamoja nao. Hakuthubutu kuja kuniambia.

Jikoni alikuwa Mama Luka, jirani yangu. Ni Mhehe, Mkristo, na tangu msiba yeye ndiye aliyenichotea maji na kuwapikia wageni wangu. Unajua papa anavyonuka. Sisi harufu ile inatuita tunawe mikono. Lakini mtu aliyezaliwa huku, ambaye bahari anaisikia tu, ile kwake ni harufu ya mzoga. Alilifungua gunia, akalifunga, akachukua jembe, akaenda kumfukia papa mzima kwenye migomba nyuma ya jiko, upesi upesi, wageni wasije wakasema nyumba ya mfiwa ina uozo. Watu walipotawanyika akaingia chumbani, akanisalimu "Kamwene" kwa sauti ya chini kama afanyavyo siku zote, akainama sikioni pangu.

"Dada, kuna mtu amekuletea nyama imeoza. Usiwe na wasiwasi, nimeshaifukia. Hakuna aliyeona."

Nikamuuliza nyama gani.

"Sijui. Ngumu kama ubao, imejaa chumvi. Huyo aliyeileta mna ugomvi?"

Nilicheka, kaka. Mjane wa siku ya tatu, nilicheka mpaka nikauangukia mto. Kisha kicheko kikageuka chenyewe, na wanawake waliobaki wakaja kunishika mikono, wakidhani ndiyo kwanza kifo kinaniingia. Labda ndivyo ilivyokuwa. Nilipoweza kusema nilimweleza Mama Luka kile kilikuwa nini na nilikuwa nimemwagizia nani. Aliitazama mikono yake, kisha akaniuliza:

"Na ninyi kile mnakula?"

Nikamwambia tunakula, tena tunagombania.

"Basi poleni sana," alisema, kwa moyo wake wote. Alitaka kwenda kumfukua yule papa amwoshe. Nikamwambia amwache alipo, mwenyewe aliyemtamani alikuwa amekwisha tangulia.

Sasa nikujibu. Nimelifikiria swali lako kwa siku nyingi, maana ndani ya eda mtu hana pa kwenda ila kufikiri. Nikila kwa Bi Mize, Shabani atakuwa ameshinda, na hatakuwapo kunitambia. Nikila kwa Mshihiri, nitakuwa nimemshinda mtu asiyeweza kujibu. Na mji wetu ni mdogo. Ukienda kisimani unapita kwa mmoja wao, ukienda msibani unapita kwa mwingine, na wote wawili watanitokea mlangoni waniulize kwa wema kabisa, mumeo yuko wapi. Nitawajibu leo, na kesho nitapita tena.

Najua mjane asiye na mtoto hurudi kwao. Najua hapa sina mtu wa damu, na huenda baridi iliyomchukua yeye ikanichukua na mimi. Usidhani nina matumaini ninayokuficha. Nikitazama mbele sioni kitu, nikuambie kweli. Lakini mwanawe Mama Luka amekwenda migodini na chumba chake ki wazi, naye ameniambia niingie humo eda ikiisha, niwe nashona pale barazani pake. Kwake ni ugali na maharage, jana, leo na kesho. Kinywani mwangu havina ladha yoyote, na hicho ndicho chakula ninachokiweza kwa sasa, kwa sababu Shabani hakukitamani hata siku moja, na hakuna anayeuliza tukale wapi.

Basi usipande basi kuja kunichukua. Ulinitaka nichague, nimechagua. Nitakula hapa.

Maneno haya ya mwisho msomee mama akisha kula, siyo kabla. Nisalimie wifi yangu, mkeo, aliyenitumia kanga nyeupe. Nisalimie shangazi yetu mkubwa aliyenifunda, na mjomba mwadhini. Umwambie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani asiniombee nisahau. Aniombee niweze kumeza.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa mke wa Shabani,

Mwanaidi