Nilianika maembe juu ya kaburi la baba mkwe, sasa mtoto anaumwa

(Barua hii ilijibiwa kwa simu siku ile ile ilipotufikia. Tunaichapa kwa ruhusa ya mwandishi, na majina tumeyabadilisha.)

Shangazi Dorkas, shikamoo. Ni msomaji wako wa huku upande wa Mtinko, nakuandikia kwa simu ya jirani, nakuomba kwa jina la Mungu unijibu humu humu kwenye simu, usisubiri gazeti, na wala jina langu usilitaje kwa mtu maana nikijulikana nimekwisha.

Shangazi, kwetu maembe mwaka huu yamezaa mpaka yanaozea chini, unayakanyaga tu, inzi wamejaa uani, na mimi roho iliniuma kuona chakula kinapotea, nikakumbuka kwenye kikundi chetu cha akina mama tulifundishwa kuyakata vipande na kuyakausha juani yawe ya watoto kutafuna, lakini walisema tuanike kwenye kichanja chenye wavu na mimi kichanja sina, nikaanika kwenye ungo kuku wakala, nikaanika kwenye turubai mbuzi wakapita juu yake, basi nikaangaza huku na huku nikaona mahali pamoja tu pasipoingia kuku wala mbuzi, pasafi, panapata jua kutwa, pana tailizi zinazong'aa na uzio wa waya kuzunguka. Shangazi, ni kaburi la baba mkwe wangu, mzee Philipo, aliyefariki mwaka juzi tukamzika hapo hapo nyumbani.

Najua utanisema. Pale hakuna anayeruhusiwa hata kuegemea, baba mdogo Antipasi, yaani mdogo wake marehemu, ndiye aliyezinunua zile tailizi, na alishawahi kumfokea mume wangu kwa kutundika shati kwenye uzio, sembuse mimi mwanamke wa kuolewa nipange maembe juu ya mzee! Nilitandika kitambaa cheupe nilichokifua vizuri, nikasema kwa sauti ya chini, "Baba nisamehe, ni ya wajukuu zako," nikapanga. Yale ya kwanza yalikauka vizuri mno, mama mkwe akala akasifia, akasema, "Mzee angekuwepo haya tusingeyaona hata kipande," nikataka kuzimia.

Ya pili ndiyo yameniletea balaa. Mvua ilininyeshea nikiwa kisimani, nikarudi mbio nimelowa chepechepe, nikakuta maembe yote yako jikoni kwenye sinia, yamefunikwa, nikajua ni binti yangu Happiness wa miaka mitano ameyaingiza, nikamshukuru Mungu. Jua halikutoka tena la maana, na kwa woga sikuyarudisha kule, nikayatia kwenye ndoo yakiwa bado yananata nikafunga mfuniko. Nilipofungua yalikuwa na ukungu mweupe kidogo, nikaukwangua kwa kisu, nikampa mtoto maana alikuwa ananililia, hilo si kubwa. Kubwa ni hili, Shangazi: tangu juzi Happiness anaharisha na kutapika, macho yameingia ndani, hachezi, na jana akiwa na homa alinyoosha kidole nje, kaburi liko mbele tu ya mlango wa mama mkwe, akasema, "Mama, babu yule."

Baba mdogo Antipasi amekuja, amemtazama mtoto akasema, "Huyu si wa hospitali. Kaka ana neno." Kesho wanampeleka kwa mtaalamu wake upande wa Iramba, na mume wangu amekubali kwa sababu hawezi kumpinga. Wanaulizana ni nani amemkosea mzee, na mimi nakaa pale nachambua mlenda nisimtazame mtu usoni. Nikisema ni mimi watanirudisha kwetu na mtoto atabaki kwao. Nisiposema, naona mzee anamchukua. Nimekwenda kaburini kuomba radhi na mtoto anazidi kulegea. Je, niende kwa mchungaji, nichinje kuku kwa siri, au nifanyeje? Naogopa, Shangazi, naogopa hata kutoka nje.

Mama Happiness

SHANGAZI DORKAS ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Mfunge mtoto mgongoni kwanza, halafu usome huku umesimama.

Umeniandikia habari ya kaburi mpaka nimechoka, na ukungu umeupitia juu juu ukasema hilo si kubwa. Hilo ndilo kubwa! Umefungia kwenye ndoo maembe ambayo hayajakauka, yakavunda humo, ukakwangua juu ukadhani umemaliza. Ule mweupe unaouona ni wa juu tu, mwingine umeshaingia ndani na kisu chako hakiufikii. Mimi si daktari, siwezi kuapa kwamba ndiyo yaliyomwangusha, huenda hata ni maji ya kisima. Lakini mtoto anayeharisha, anayetapika, macho yameingia ndani, amelegea, huyo anaishiwa maji mwilini, na watoto hufa kwa hilo. Sikutishi, nakwambia ukweli.

Hebu tutumie akili kidogo. Mama mkwe wako alikula yale ya kwanza, kaburi lile lile, tailizi zile zile. Anaumwa? Hujasema anaumwa. Kwa hiyo mzee amemruka mkewe akamshika mjukuu asiyejua lolote? Acha hizo! Kilichotofautisha maembe ya kwanza na ya pili ni mvua. Na mtoto mwenye homa huona mengi, atakuonyesha hata ng'ombe juu ya paa. Alimpenda babu yake, amemtaja, basi.

Halafu kuna hili la sinia. Unasema mtoto wa miaka mitano aliingia kwenye uzio wa waya, akakusanya maembe yote, akayabeba na mvua ile, akayafunika. Mwanangu, mimi nimelea watano. Mtoto wa umri huo nusu angekula na nusu angemwaga. Mlango unaotazama kaburi ni wa nani? Nadhani mama mkwe alikuona tangu siku ya kwanza ukiyapanga juu ya mumewe, akanyamaza, akayala, akayasifia, na mvua ilipokuja akatoka mwenyewe kuyaokoa. Naweza kukosea, lakini sioni mwingine. Na ndiye huyo huyo unayemkwepa macho jikoni!

Sasa sikiliza. Nenda kwake, mwambie yote, la kaburi na la ukungu, usifiche hata moja. Kisha mwambie, "Mama, twende zahanati." Usimsubiri mumeo wala usiombe kikao. Antipasi ni mdogo wa marehemu tu, huyu ni mkewe, na akimbeba mjukuu wake kumpeleka hospitali sijui nani atamsimamisha njiani.

Mnywesheni ORS mkiwa njiani. Kama hamna, chukua lita ya maji yaliyochemshwa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, umpe kidogo kidogo. Akitapika, subiri kidogo uendelee. Beba vipande vichache vya hayo maembe kwenye mfuko umwonyeshe daktari, na useme kwamba ulikwangua ukungu, usije ukaona aibu ukasema mtoto amekula ugali peke yake. Yaliyobaki kwenye ndoo yafukie. Kuku usiwape, mbwa usimpe.

Kichanja tutakizungumza akipona, ila nyie wengine mnaosoma msiniletee barua kama hii. Embe lililoiva mpaka linateleza halifai kukatwa vipande, liponde, ulipake jembamba kwenye sinia chini ya wavu, na usifungie kitu chochote ambacho bado kinanata mkononi. Mvua ikitanda kuleni maembe yenu au kamueni juisi, hakuna aliyewalazimisha kukausha.

Unaogopa kwamba ukisema utanyang'anywa mtoto. Labda watakununia, labda utarudishwa kwenu kwa muda, sijui, sikuahidi kitu. Lakini ukinyamaza mpaka kesho wampeleke Iramba na hali hiyo, utamkosa bila mtu yeyote kukunyang'anya, na hapo hutakuwa na pa kwenda kumdai. Mzee Philipo umeshamwomba radhi, na yeye hana haraka. Mwenye haraka ni Happiness. Nenda.