Lilipo Banda la Kuku

Jumapili, Septemba. Mawingu yameukalia mlima tangu alfajiri na mvua haishuki. Moyo wangu nao ni mzito tu.

Asubuhi alikuja Mama Zuhura. Ni mama wa Kinole anayenunua matunda na kuyapeleka sokoni, na kila mwaka mshokishoki wetu ukitoa maua huja kuuangalia na kuuwahi kabla ya wengine, kwa kuwa mtaa mzima hakuna mwingine. Alitazama juu, akatazama maua yalivyotapakaa chini, kisha akageukia banda langu la kuku.

"Mwenzake yuko wapi?"

Nikamjibu kwamba ule mwingine haukuwa na faida, haukuwahi kuzaa hata tunda moja. Akanieleza, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, kwamba ule ulikuwa dume, na bila dume huu uliobaki utatoa maua na kuyamwaga, mwaka hadi mwaka.

Niliukata mimi.

Acha niandike yote. Mume wangu, Baba Neema, aliileta miche ile miwili kutoka kwao Muheza tulipohamia hapa Bigwa. Mwekezaji alipokinunua kiwanda alichokuwa akifanyia kazi na yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa, miti ndiyo ikawa kazi yake. Anaamka saa ile ile ya zamu, anavaa ovaroli la kiwandani, anamwagilia, anafagia. Wageni wakija anawapeleka kwanza uani. Msimu wa matunda ndio pekee niliokuwa namwona anacheka.

Mwezi wa tatu alikwenda Dakawa kujaribu kulima mpunga. Mimi nilikuwa nimeingiwa na wazimu wa kuku wa kisasa. Kila mwalimu shuleni kwetu alikuwa anafuga, nami sikutaka kubaki nyuma. Ua ni mdogo. Kwetu mpapai dume haujadiliwi, unakatwa, na mti ule nao niliuona hivyo hivyo, maua kila mwaka na tunda hakuna. Nikaita watu wa msumeno. Waling'oa hadi kisiki, nikamwaga sementi.

Sikumuuliza. Nilijua angekataa, ndiyo maana sikumuuliza.

Aliporudi alisimama mbele ya banda kwa muda mrefu, akasema limejengwa vizuri. Nikafurahi, mjinga mimi. Mwezi wa sita ugonjwa wa kideri ukaingia, kuku wakaisha wote ndani ya wiki moja. Banda lipo, tupu.

Leo baada ya chakula cha mchana nilimuuliza kama alijua kwamba ule mti ulikuwa dume. Hakuinua macho.

"Nilijua. Lakini nilikuta umeshamwaga sementi, Mama Neema. Ningekwambia ili iwe nini?"

Wiki tatu sasa amekuwa akifagia maua yale kila asubuhi, akijua hakuna hata moja litakaloshika. Na mimi nikipita na chai yangu, namwambia mwaka huu tutavuna sana. Heri angenifokea.

Nitamwandikia shemeji Muheza atutumie mbegu mbichi. Lakini mbegu haisemi kama ni dume au jike mpaka mti utoe maua, na hiyo ni miaka. Baba Neema ana kisukari, miguu imeshaanza kufa ganzi. Je, atauona?

Sijui. Ninachojua ni kwamba kesho, kabla hajavaa ovaroli lake, ufagio nitakuwa nao mimi.