Mkwe Wangu Kwenye Mtihani wa Mazungumzo

Benedicto, nimenaswa. Kanuni mpya ya mtihani wa Kiswahili niliipigania mwenyewe: hakuna kukariri tena, mwanafunzi azungumze na mtahini uso kwa uso, la sivyo apewe sifuri.

Leo akaingia Teresia. Teresia, Benedicto! Mchumba wa mwanangu, tuliyemtolea ng'ombe!

Kwa mila yetu hawezi kunitazama. Akageukia ukuta. "Baba mkwe, nitajibu hivi hivi."

Mkaguzi kutoka Musoma akacheka. "Mwalimu, anakuogopa kuliko chui?"

Akajibu maswali yote akiwa ameuelekea ukuta, na hakuna aliyezungumza vizuri kama yeye. Hakuna!

Sasa mkaguzi anadai alama. Nikiandika sifuri, masomo yake yamekwisha. Kuandika uongo kwamba tulitazamana siwezi. Kumwamuru ageuke siwezi.

Bado ameuelekea ukuta, akingoja mimi nitoke kwanza.