Wavu Tumboni mwa Turdikul

Oydin shoga, mwanamume wa kunidanganya mimi hajazaliwa. Kumbe alizaliwa zamani, na ndiye aliyenioa.

Unakumbuka Turdikul alivyopasuliwa ngiri akawekewa wavu tumboni? Akaniambia, "Mke wangu, nikibeba hata ndoo, wavu utachanika." Basi nikabeba mimi. Maji mimi, magunia ya unga mimi, kuni za tanuri la mkate mimi.

Leo nami nimekutwa na ngiri. Mimi, shoga.

Daktari ni yuleyule. Ananiambia, "Usiogope, mama. Tutakuwekea wavu kama wa mzee. Unayeyuka wenyewe, nyama yako inashika mahali pake. Wa mzee uliyeyuka zamani, nikamwambia abebe anachotaka."

Abebe anachotaka!

Nimerudi, nimemkuta kajilaza kwenye mito. Nikamuuliza kwa upole, "Wavu unaendeleaje?"

Akashika tumbo. "Unavuta, mke wangu. Hata birika la chai limenishinda."

Hapohapo jirani yetu Eshmat akachungulia mlangoni. "Mzee Turdikul, kesho alfajiri harusini kwangu. Lile sufuria la pilau ulilolibeba jana kwa Bahrom, nani mwingine ataliinua?"

Turdikul akaanza kukoroma, macho wazi.