Mgonjwa Asiyeonekana

Nyamongo,
Jumapili.

Dada yangu mpendwa Ummy,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo hapo Mugumu, na duka linakwenda. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo hauko sawa. Ningekupigia simu, lakini sauti inanikatika kabla sijafika mwisho.

Nilikuambia nimepata kazi ya kutengeneza mfumo wa kusajili wagonjwa katika kituo kimoja cha afya cha mtu binafsi, karibu na machimbo. Muuguzi akichagua kijiji, vitongoji vyake vilitakiwa kutokea chini ili achague kimoja. Vijiji vingine vilikubali. Kerende ikagoma, nafasi ikabaki tupu. Nikamwambia muuguzi Stefania aruke tu hapo, nitarekebisha baadaye.

Dada, watu wanamiminika huku kufuata dhahabu, na maduara, yale mashimo ya kuchimbia, yanawafukia. Alhamisi duara moja liliporomoka, akaletwa kijana wa Kerende aitwaye Mseti, kifua kimepondeka. Stefania akamsajili, kitongoji akakiruka kama nilivyomwelekeza.

Jioni mama yake, Veronika, akafika mapokezi. Nilikuwepo, nisijue kuwa kijana yumo ndani, na Stefania alikuwa ameshamaliza zamu. Karani akatafuta jina, mfumo ukajibu hakuna. Mama akasihi atazamiwe tena, ukajibu vilevile. Akaomba achungulie wodini, akaambiwa muda wa kuona wagonjwa umepita, labda amepelekwa Tarime mjini. Akapanda bodaboda akaenda kumtafuta huko. Mwanawe alikuwa nyuma ya ukuta wa mapokezi hayo hayo.

Aliporudi asubuhi, Mseti alikuwa ameshakufa.

Nilishinda kwenye kompyuta nikitafuta kosa. Wagonjwa wako kwenye jedwali moja, vitongoji kwenye jingine, nami niliuagiza mfumo uyaunganishe kwanza ndipo uonyeshe jina. Asiye na kitongoji akaachwa nje, kana kwamba hakulazwa. Na vitongoji vya Kerende havikutokea kwa sababu orodha ilisomwa mara moja tu mfumo ulipowashwa, kabla sijaviingiza. Sasa inasomwa upya kila fomu inapofunguliwa, na kila mgonjwa anaonekana. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache.

Mwenye kituo, Bwana Evodius, alinisihi ninyamaze. Alisema mama yule ameshapokea kuwa ni mapenzi ya Mungu, nisimwongezee kidonda.

Dada, sikunyamaza. Jana nilikwenda msibani Kerende, nikamwambia Veronika kwamba mwanawe alikuwa mle ndani, na kwamba ni kazi ya mikono yangu iliyomficha. Nilitegemea anifukuze. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama Mseti aliambiwa kwamba mama yake amefika. Nikamjibu hapana.

Akasema, “Basi amekufa akijua sikuja.”

Nilikaa pale chini mpaka watu wakaanza kuondoka.

Kesho nakabidhi kazi, halafu nakuja kwako. Msalimie shemeji, wabusu watoto. Baba usimwambie, nitamweleza mwenyewe. Niombee, dada, na mwombee mama yule zaidi.

Mdogo wako,
Kudra